Ngisi wa Kule

Kabla sijasema lolote juu ya Bwana Afya, niseme kwanza kwamba ni mtu mwema. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nikishaendelea sitapata tena nafasi ya kulisema. Hapokei rushwa, hachelewi kazini, hamtukani mtu. Tatizo lake ni moja tu, alisomea uchafu. Na mtu akisomea jambo hulipenda, akilipenda huliona kila mahali, na Bwana Afya aliuona uchafu hata ndani ya sabuni.

Mimi ni karani katika ofisi yake. Meza yangu iko chini ya bango kubwa linaloonyesha namna ya kunawa mikono, na kando ya bango kuna sinki ambalo bomba lake lilikauka kabla sijaajiriwa. Tunanawa kwa ndoo. Wakija wageni ndoo tunaikimbizia chumba cha nyuma, kwa sababu ofisi ya afya haiwezi kuonekana ikinawa kwa ndoo.

Wachuuzi wa chakula mjini walimwita Kipimajoto. Alikuwa nacho kimoja cha chuma, chembamba, chenye ncha kali, akikichomeka kwenye mfuko wa koti lake jeupe pale wengine wanapochomeka kalamu. Akifika kibandani hasalimii kwanza. Anakidunga kile chuma katikati ya chakula, anasubiri, anasoma, anasikitika. Hakuna aliyepata kumwona amesoma akafurahi. Chakula kikiwa cha moto sana kimeungua, kikiwa vuguvugu kina wadudu, kikiwa sawasawa anauliza kifuniko kiko wapi. Alipotokea mwisho wa barabara miluzi ilimtangulia mpaka stendi, na kwa muda huo mji mzima ulikuwa na vifuniko.

Mchuuzi mmoja tu hakufunika wala kufunua kwa ajili yake. Huyo alikuwa dada yake, tumbo moja, mkubwa kwake. Tulimwita Mama Ngisi maana hakuuza kingine. Kibanda chake kilikuwa upande wa pili wa mtaro, mkabala na dirisha letu. Kilikuwa na mabati machache, benchi, jiko la mkaa, ubao wa kukatia na ndoo ya buluu. Ngisi aliwapata asubuhi wakiwa bado wanateleza, akawavua ngozi, akawakata, akawapaka chumvi na pilipili, akawatandaza juu ya makaa. Moshi ule ukishavuka mtaro na kuingia dirishani, hapakuwa na mtu ofisini aliyeweza kuandika barua ya serikali ikaeleweka.

Mama yao alifariki Bwana Afya akiwa bado ana meno ya utoto. Dada ndiye aliyemlea, kwa jiko hilohilo na mkono huohuo, mpaka akaingia chuo. Kisha akapata cheti, akavaa koti jeupe, na tangu siku hiyo hakutia tena mdomoni kitu kilichotoka kwa dada yake. Kila asubuhi walisalimiana kuvuka mtaro, nami nikiwasikia dirishani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu ngisi."

"Ahsante, nimeshiba."

Ukitaka kujua uwongo unavyozeeka bila kufa, ni huo. Alikuwa mwembamba kama ufito, na saa nne akitafuna biskuti mezani kwake utadhani anatafuna adhabu. Tena ili watu wasije wakasema anapendelea damu yake, alimkagua dada kuliko wote. "Sheria haina dada," alipenda kusema, na akishasema hujitazama kwenye kioo cha dirisha.

Mama Ngisi hakuwa mtu wa manung'uniko. Mara moja tu aliwahi kunifungulia moyo, akinifungia ngisi wangu wa mchana, maana ofisi nzima tulikula kwake tukimtoroka bosi kama watoto wa shule.

"Mwanangu, mimi sitaki anisifie," aliniambia. "Nataka siku moja aje akae hapa kwenye benchi, mbele za watu, ale. Basi. Nikiliona hilo nitajua nililea mtu, sikulea koti."

Nilitamani kulia, lakini ngisi alikuwa wa moto na mimi nilikuwa na njaa, nikala.

Ndipo ikaja safari. Mji mmoja wa ng'ambo, wenye bahari na pesa, uliandaa semina ya usalama wa chakula, na ofisi yetu ikaalikwa kupeleka watu wawili, mmoja wao awe mwanamke. Mwanamke ofisini nilikuwa mimi peke yangu, kwa hiyo nilichaguliwa kwa kura nyingi. Bwana Afya aliingia kwenye maandalizi. Alifungasha mayai ya kuchemsha, biskuti, mkate mkavu, sabuni na chumvi yake mwenyewe. Kule uwanja wa ndege tulipotua, kijana mmoja wa forodha aliyevaa glavu alifungua begi, akanusa, akatoa mayai yote akayatupa kwenye pipa. Alieleza kwa Kiingereza cha upole kwamba hawaruhusu chakula ambacho hakijakaguliwa. Bwana Afya aliyatazama mayai yake pipani kwa uso niliouona mara nyingi kwa wachuuzi, sikujua kama nicheke au nimpe pole. Nikampa pole, halafu nikaenda kucheka msalani.

Hotelini alifurahi. Chakula kilipangwa chini ya vifuniko vya kung'aa mpaka unajiona ndani yake, wapishi wana kofia ndefu, kila koleo lina kijisahani chake. "Hii ndiyo, Karani!" aliniambia akinyanyua kifuniko kimoja baada ya kingine. "Hii ndiyo tunayoitafuta sisi usiku na mchana." Akajipakulia saladi ya kamba baridi, akaongeza, akaongeza tena. Mimi nilichukua wali, kwa kuwa sina elimu.

Kesho yake hakuonekana kwenye semina. Nilimkuta chumbani amejikunja kama jongoo, macho yameingia ndani. Alisema ni hali ya hewa. Nikasema ndiyo, hali ya hewa ya kule ilikuwa na kamba nyingi. Alishinda hivyo kutwa nzima, tumbo likatoa kila kilichomo na hata kisichokuwemo, na siku iliyofuata, jioni, wenyeji wetu walipokuja kutuchukua kwenda kutembea, alikuja nasi kwa sababu moja tu, aliogopa kubaki karibu na choo kile.

Wakatupeleka kwenye mtaa wa vibanda. Barabara ilikuwa nyembamba, vibanda huku na huku, balbu zimening'inizwa kwenye waya, benchi za mbao zimejaa watu wanaokula wakiwa wameinama. Kwenye mabeseni ya plastiki kulikuwa na kaa waliofungwa miguu, kamba wanaorukaruka, chaza wamerundikwa kama kokoto, na ngisi. Moshi ulikuwa ule ule. Nilifumba macho nikaunusa, nikajiona niko dirishani kwangu nyumbani.

Kwenye kibanda cha mwisho alikuwepo bibi mmoja, mfupi, amefunga aproni iliyokuwa na rangi zamani. Alitia mkono kwenye beseni, akamtoa ngisi angali anajinyonganyonga, akamlaza ubaoni, kisu kikapita mara mbili tatu, akamtupa kwenye makaa. Paka alikuwa miguuni pake akila utumbo. Mteja akampa noti, akaipokea kwa mkono huohuo, akaitia mfukoni, kisha akachota chumvi kwa vidole vilevile na kumnyunyizia ngisi.

Nikamtazama bosi wangu. Mkono wake ulikuwa tayari umekwenda mfukoni. Mazoea yana taabu. Kipimajoto kikatoka, akapiga hatua, akakinyoosha kuelekea kwenye makaa ya watu, katika nchi ya watu. Nikajisemea, leo tunalala polisi.

Yule bibi alikitazama kile chuma chembamba chenye ncha. Uso ukamchanua. Alikitwaa mkononi mwake, akakipangusa na aproni, akakichomekea vipande vya ngisi kimoja kimoja mpaka kikajaa, akakamulia ndimu juu yake, akamrudishia kwa mikono miwili. Masikini, alidhani mgeni amekuja na kijiti chake cha mishikaki kutoka kwao.

Wenyeji wetu wakapiga makofi. Watu kwenye mabenchi wakageuka. Mgeni kukataa ingekuwa aibu ya taifa zima, na nadhani hilo ndilo alilojiambia, ingawa tumbo tupu nalo lina ushauri wake. Bwana Afya alifumba macho kama mtu anayekunywa dawa. Akatia kipande mdomoni.

Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akafumbua macho, akatafuna tena taratibu, na mabega yake, ambayo sijawahi kuyaona yakishuka tangu nimfahamu, yakashuka. Kile kijiti kikaisha. Akakinyoosha tena kwa bibi kama mtoto anayenyoosha kikombe. Bibi akamjazia. Baada ya hapo akala kaa, akimvunja kwa meno. Akala kamba na maganda. Akamezeshwa chaza mbichi waliokuwa hai dakika moja nyuma, akajipangusa mdomo kwa ile mikono ya koti ambayo nyumbani hakuna nzi aliyethubutu kuitulia.

"Karani," aliniambia, mashavu yanang'aa mafuta, "umeuona usafi huu?"

Nilitafuta usafi. Niliona paka. Niliona ndoo, ya buluu, na Mungu anisamehe, maji yake yalikuwa yamechoka kuliko ya Mama Ngisi.

"Ile ndoo, Mzee?"

"Angalia ilivyowekwa, upande wa kulia. Huo ni mpangilio. Hawa wenzetu hawafanyi kitu bila utafiti."

"Na paka?"

Akafikiri kidogo. "Anadhibiti panya," akasema.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini sikuwahi kukiona kidonda kikilambwa kwa raha namna ile. Siku zote zilizobaki semina aliisikia mlangoni tu. Wakati wengine wanafundishwa kuhifadhi samaki kwenye barafu, yeye alikuwa kwenye benchi la yule bibi, hawasikilizani lugha, wanachekeana. Siku ya kuondoka bibi alimshika mashavu yote mawili kwa mikono yake yenye harufu ya ngisi. Bwana Afya alitokwa na machozi. Ndani ya ndege, alipoletewa chakula, alikisukuma mbali akasema hakina roho.

Tuliporudi nyumbani, ndugu walikusanyika kwake kumlaki, na Mama Ngisi ndiye aliyepika. Mimi nilifika kwa kuwa mabegi yetu yalibadilishana uwanjani na sikuwa na haja ya soksi zake. Nikakaribishwa, nikakaa kona. Bwana Afya alikuwa amesimama katikati ya sebule, simu mkononi, anaonyesha picha.

"Huyu hapa, huyu! Muone anavyokata! Yule mama, jamani, ana mikono! Ngisi yule ukimtia mdomoni, unamkumbuka kila mtu aliyewahi kukupenda."

Mama Ngisi alikuwa akitandika mkeka. Akajinyoosha, akaipokea simu, akaiangalia ile picha kwa muda mrefu.

"Ana koti jeupe huyu?" akauliza.

"Aka, koti la nini? Aproni tu."

"Na maji ya bomba?"

"Ana ndoo."

"Kifuniko?"

"Dada, kule hakuna mambo ya vifuniko, chakula hakikai hata kikahitaji kufunikwa."

"Na ulikula?"

"Nilikula! Ningeachaje? Wale ni wenzetu walioendelea."

Watu wakacheka. Mama Ngisi naye alicheka, lakini mimi nilikuwa namtazama usoni, na nakwambia ule haukuwa uso wa mtu anayecheka. Nilikasirika mpaka masikio yakanichemka. Miaka yote nimeshiba, nimeshiba, kumbe tumbo lilikuwa linangoja pasipoti! Lakini yule mwanamke alikuwa na moyo mpana kuliko wangu. Alimrudishia simu yake, akasema taratibu kabisa:

"Basi sasa umezoea. Kesho pita kwangu nikuchomee."

"Nitapita, dada," akasema. "Kesho hiyohiyo nitapita. Nina jambo kubwa nataka kulifanya pale."

Kesho yake nilikuwa dirishani kabla ya ofisi kufunguliwa, na sikuwa peke yangu, maana habari ilishafika kwa dereva na mlinzi. Mama Ngisi alikuwa amefua kitambaa akakitandika kwenye benchi. Alikuwa amechagua ngisi wakubwa, weupe, amewapanga pembeni, hamuuzii mtu. Mteja akija anamwambia, "Hao wana mwenyewe." Alikuwa amejifunga kanga mpya. Siku ile nilimwona alivyokuwa mzuri ujanani.

Bwana Afya akatokea na mhandisi wa halmashauri. Walikuja wakiongea, mikono hewani. Mama Ngisi akapepea mkaa. Wakavuka mtaro. Akachukua ngisi wa kwanza, akamtandaza motoni.

"Shikamoo, dada. Usisimame, endelea tu," akasema Bwana Afya. Akachomoa futikamba mfukoni, akampa mhandisi ncha moja, akaanza kupima kibanda. Walipima urefu. Wakapima upana. Ili kupima mpaka mtaroni ilibidi waliondoe benchi, wakaliondoa pamoja na kitambaa chake.

"Kula kwanza, mdogo wangu," akasema dada.

"Nina kikao, dada. Lakini utafurahi! Hapa utakuja kupaona, utadhani uko kule."

Wakaondoka. Ngisi mmoja aliungua pale motoni, maana mwenyewe alikuwa anawatazama wanavyoishia. Wale wengine alituita akatugawia sisi wa dirishani. Tulikula tumeinamisha vichwa, na hakuna aliyemshukuru kwa sauti.

Ripoti niliipiga chapa mimi, nikiwa nabonyeza kila herufi kwa nguvu isiyohitajika. Iliitwa Mtaa wa Vibanda vya Kisasa. Bwana Afya aliiwasilisha kwenye baraza akiwa na picha za yule bibi zilizokuzwa ukutani, akaeleza jinsi mji unavyoweza kuheshimika kwa chakula cha mtaani kilicho fresh, kinachochomwa mbele ya mteja. Madiwani walimsikiliza midomo wazi. Mmoja aliuliza kama jambo hilo linawezekana kweli hapa kwetu. Bwana Afya akasema, kwa mafunzo na nidhamu, siku moja linaweza kuwezekana. Aliyasema hayo dirisha likiwa wazi na moshi wa ngisi unaingia ukumbini. Wakapitisha kwa kauli moja.

Na ili vibanda vya kisasa vijengwe, ilibidi vile visivyo vya kisasa viondolewe. Alianza na cha dada yake, sheria ikiwa haina dada. Kusema haki, alimfuata mwenyewe kumweleza. Alimwambia nafasi yake ipo, ya kwanza kabisa, ila ahudhurie mafunzo ya kuchoma ngisi kwa kiwango cha kimataifa. Mama Ngisi alihudhuria siku moja. Nilimuuliza amefundishwa nini.

"Kuwasha mkaa," akanijibu. "Kesho tungefundishwa kuzima."

Hakurudi tena. Vibanda vya kisasa vikafunguliwa na utepe, vina vioo, masinki na taa za rangi, na wapishi waliotolewa mahotelini wenye glavu na majokofu. Ngisi wao waliganda wiki nzima kabla ya kuliona jua. Siku ya ufunguzi Bwana Afya alipewa wa kwanza. Alitafuna mbele ya kamera. Akatafuna, kamera ikachoka ikaenda kwa mkuu wa wilaya, ikarudi ikamkuta bado anatafuna kipande kilekile.

"Bado hatujafika," aliniambia baadaye, taya ameishika kwa mkono. "Kuna kitu wenzetu wanacho, Karani. Sijui ni mkaa wao? Sijui ni bahari yao?"

Akaanza kuugua ugonjwa usio na jina. Hakula biskuti tena. Alikaa mezani anatazama dirishani, upande wa pili wa mtaro, ambapo sasa paliwekwa chungu cha maua. Aliomba kurudi kule kwa semina nyingine, akanyimwa. Suruali zikaanza kumvuka. Mimi nilivumilia mpaka uvumilivu ukanivumilia, ndipo siku moja nikamfungia mlango wa ofisi.

"Mzee, nikwambie au nisikwambie?"

"Niambie."

"Nenda kwa dada yako."

"Amefunga kibanda."

"Wewe ndiye uliyemfungia kibanda. Mkono hukumfungia."

Aligeukia dirisha, akakitazama kile chungu cha maua. Nikaona kwamba alikuwa anajua, tena anajua tangu zamani, na kwamba kumbe lililomshinda si uchafu bali ni kuvuka mtaro. Nikamuonea huruma. Kisha nikafanya jambo ambalo wenzangu hawajanisamehe, nikamwambia siku na mahali.

Maana Mama Ngisi hakuwa ameacha. Jumapili mchana alichoma uani kwake, nyuma ya nyumba, kwa watu wanaojua. Jumapili ile tulikuwa wengi, tumekaa juu ya ndoo zilizogeuzwa na ngazi za jikoni, sahani mapajani. Geti la bati likalia. Akaingia Bwana Afya, hana koti.

Nakwambia hakuna mdomo uliotafuna. Dereva wetu alificha sahani nyuma ya mgongo, mchuzi ukamwagika kwenye suruali yake ya Jumapili. Mwanamke mmoja akaanza kutafuta kifuniko.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Mama Ngisi hakuacha kupepea. "Umekuja kama nani?"

Alisimama pale mlangoni na mikono yake mirefu isiyo na kazi. "Nina njaa, dada," akasema.

Sijui kama mtu aliwahi kusema neno zuri kuliko hilo uani pale. Mama Ngisi alikitua kipepeo cha mkaa. Alinawa mikono kwenye ndoo, akachagua ngisi, akamkata. Akamchoma taratibu, akamgeuza, akamkamulia ndimu. Akanikonyeza nimpishe mgeni, mimi nikasimama nikaacha kiti changu. Bwana Afya akakaa katikati yetu, mbele za watu, kama alivyotamani dada yake miaka yote ile, na akapewa sahani.

Alikula. Kipande cha kwanza kilipoingia, mabega yakashuka. Macho yakamjaa maji, wala hakusingizia moshi. Alikula kama mtu aliyepotea siku nyingi akaonyeshwa njia. Mama Ngisi alisimama mbele yake, mikono ameifunga chini ya kanga, uso wote ukimng'aa kama wa msichana. Nami nilikuwa nalia waziwazi na wala sikujipangusa. Nilijiambia, basi, yamekwisha, damu nzito kuliko maji.

Bwana Afya akainua kichwa. Mdomo umejaa, machozi yanamtiririka, akatutazama mmoja mmoja kwa furaha kubwa, kisha akamtazama dada yake, akampa sifa kubwa kuliko zote alizokuwa nazo moyoni.

"Dada," akasema, "ni kama wa kule! Kabisa! Huwezi kutofautisha na wa kule!"

Mkaa ulilia kidogo. Mama Ngisi hakukasirika. Alimtazama jinsi unavyomtazama mtoto aliyekuita jina la mtu mwingine. Mikono ikatoka chini ya kanga.

"Na ulipokuwa huna mama," akamuuliza kwa sauti ya chini, "nikikulisha kwa mkono wangu mpaka ukalala, nilikuwa nakulisha kama wa wapi?"

Bwana Afya alibaki na ngisi shavuni, hawezi kumeza, hawezi kutema. Dada yake alimngoja. Alimngoja kitambo, zaidi ya vile ambavyo mimi ningemngoja. Kisha akaokota kipepeo chake, akageukia jiko, akatuuliza sisi wengine ni nani anayefuata.